Wageni Tisa Ndani ya Kuhe

Wiki tatu zilizopita nilirudisha funguo mbili, kitambulisho na bisibisi ya ofisi, nikasaini pale waliponionyesha, nikatoka. Hakuna aliyeniuliza kuhusu mambo niliyobaki nayo kichwani, na mimi mwenyewe sikujua yanarudishwa dirisha gani. Kwa hiyo nayaandika hapa, kwa ajili yenu mliobaki kwenye kile chumba chenye feni moja. Vyeo sitavitaja, vimo kwenye faili na faili mnalo. Nitaandika zaidi juu ya wiki moja ambayo sikuelewa kitu, kwa sababu nimegundua kwamba siku nilizoelewa kila kitu sizikumbuki hata moja.

Nilianza kazi kwenye ofisi yetu ya afya, Kigoma mjini, nikitokea kwetu Mwandiga, nikiwa na cheti cha kompyuta na viatu vipya vilivyonibana. Alinipokea Mzee Bukuru, mkuu wa kitengo cha kompyuta. Wakati huo kitengo kilikuwa yeye peke yake, kwa hiyo siku hiyo kilikua mara mbili. Alikuwa mtu wa Kalinzi, mrefu, mpole, na kila asubuhi alikuja na chupa ya kahawa ya shambani kwake na daftari la miraba. Mambo yote ya mashine aliyaandika kwenye daftari kwa kalamu ya risasi. Nikamuuliza kwa nini mtu wa kompyuta anaandika kwa mkono. Akasema, "Kompyuta ikifa, nitasoma wapi kwamba imekufa?"

Mashine zilikuwa mbili, na alizipa majina ya samaki wa ziwani. Mgebuka ndiyo iliyokuwa ikihudumia watu kila siku. Kuhe ilikuwa ya kutengenezea programu; hapo ndipo tulipoziandika na kuzijenga kabla ya kuzipeleka kwa Mgebuka. Zote zilitumia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Mimi nilikuwa sijawahi kuigusa. "Usiogope, haing'ati," Mzee aliniambia. "Inaongea sana tu."

Siku hiyohiyo ya kwanza aliniagiza niweke kwenye Kuhe programu ndogo ya kuchora michoro. Nikaandika amri kama alivyonielekeza. Mashine ikatoa maneno mengi, mwishoni ikauliza kama iendelee, ndiyo au hapana. Mimi nilikuwa nimezoea kubonyeza ndiyo mpaka kelele ziishe. Nikabonyeza. Baada ya dakika chache skrini ikawa nyeusi, ina herufi nyeupe na kialama kinachopepesa. Madirisha, picha, kipanya, vyote havipo.

Mzee Bukuru hakupiga kelele. Alinimiminia kahawa.

"Ilikwambia?" aliuliza.

"Ilisema mambo mengi, Mzee."

"Ilikwambia au haikukwambia?"

"Nadhani iliniambia."

"Basi yenyewe haina kosa."

Tulishinda siku nzima tukirudisha kilichoondoka. Katikati ya kazi hiyo ndipo aliponieleza jambo ambalo nimelieleza kwa kila aliyenifuata. Programu kwenye Linux huja kwenye vifurushi. Sisemi vifurushi vya intaneti mnavyonunua kwenye simu. Nasema programu iliyofungwa tayari kuwekwa. Kifurushi, alisema, ni mgeni wa harusi, haji peke yake. Ukimwalika huyu, ana shangazi yake, na shangazi ana wajukuu zake, na mmoja wa wajukuu halali nyumba moja na fulani. Hao wanaofuatana naye ndio vitegemezi vyake. Kazi ya mashine ni kuhesabu wote kabla hujasema karibu. Wakipatana, wanaingia. Wasipopatana, mashine itakuuliza nani atoke. "Na wewe leo umemtoa bwana harusi," akamalizia.

Nilicheka, lakini sikuelewa vizuri. Nimekuja kuelewa robo tatu. Robo iliyobaki naamini hata waliozitengeneza wanaionea haya.

Sasa niwaeleze habari ya diski, kwa sababu ninyi mmekuta waya wa intaneti ukutani na mnadhani uliota pale. Miaka ile mtandao wetu ulikuwa mwembamba mno kushusha vifurushi. Kwa hiyo tulikuwa na diski moja ya nje, nyeusi, imefungwa raba nyekundu, tukiiita diski ya safari. Yeyote wa ofisi aliyekwenda Dar es Salaam kwa treni alipewa. Huko kulikuwa na rafiki wa Mzee kwenye chuo kimoja, naye aliijaza vifurushi vipya vya toleo letu la Linux. Diski ikarudi kwa treni, siku mbili na kitu kama njia haijaharibika, tukaichomeka kwenye Kuhe. Mzee alikuwa ameandika programu fupi iliyopita kwenye diski yote, kila folda, na kuorodhesha kila kifurushi ilichokikuta ili mashine ijue kilichopo. Lilikuwa jambo zuri. Kumbukeni hayo maneno, kila folda.

Mzee Bukuru alistaafu akarudi kwenye kahawa yake. Nikabaki mimi na Hamisi. Wengi wenu mnamjua Hamisi wa Ujiji, fundi wetu wa mtandao, mtu wa maneno matamu asiyeweza kupita kwa mtu bila kuacha kitu. Kwao ni watu wa biashara tangu babu wa babu, na walimlea akijua kwamba msafiri harudi mikono mitupu. Akienda mnadani Mwandiga tu anakurudia na ndizi. Akienda Dar es Salaam, ofisi nzima inapata: huyu kalamu, yule kitambaa, mfagizi sabuni ya kunukia. Na kwenye diski ya safari siku zote alitutilia filamu moja au mbili. Zawadi yake hakuitangaza. Ukimuuliza umeleta nini, anajibu, "Fungua utaona."

Kazi kubwa ya Kuhe miaka hiyo ilikuwa programu tuliyoiita Majibu. Zahanati za kaskazini mwa ziwa, zile zisizofikika kwa gari, zilileta sampuli za vipimo mjini kwa boti. Maabara ikipima, Majibu ilituma jibu kwa ujumbe wa simu moja kwa moja kwa muuguzi, kwa namba ya siri ya mgonjwa. Kabla ya hapo majibu yalikwenda kwa bahasha kwenye boti ya Jumamosi, na bahasha nyingine zilifika zimelowa. Kusoma majibu kwa mdomo kwenye simu kulikuwa kumepigwa marufuku, kwani kuna siku majina mawili yalichanganywa na mtu akanywa dawa zisizo zake. Kwa hiyo ilikuwa ujumbe wa Majibu au bahasha, hakuna njia ya tatu.

Masika moja radi ilipiga karibu na ofisi. Mnazijua radi za Kigoma. Mashine zote mbili zilisalimika, lakini modemu iliyotuma ujumbe iliungua, ikatoa harufu kama ya plastiki jikoni. Hamisi alikuwa anaondoka na treni ya kesho yake kwa likizo fupi. Tukakubaliana ataleta modemu mpya, na diski ya safari ijazwe, kwa kuwa modemu mpya ingetaka Majibu ijengwe upya na vifurushi ambavyo hatukuwa navyo. Nilimsindikiza stesheni. Alikuwa ameshapanda, kichwa kiko dirishani. Nikamwambia neno la kumuagia, neno analolisema kila mtu kwa kila msafiri, kisha nikarudi kazini.

Alirudi Jumatatu. Modemu ilikuwa kwenye boksi lake, diski kwenye raba yake. "Nimekutilia kitu humo, dada Adela," aliniambia. "Fungua utaona."

Nikajua ni filamu. Nikaweka moyoni kwamba nitaitazama kazi ikiisha.

Asubuhi hiyohiyo alipiga simu Sista Konsolata, muuguzi wa zahanati moja ya kaskazini. Simu yake ilishika mtandao akiwa amesimama juu ya jiwe fulani nyuma ya zahanati, kwa hiyo alikuwa akipiga kelele kama mtu aliye kwenye upepo, na pengine alikuwa kwenye upepo kweli.

"Adela, mwakeye," alinisalimu kwa Kiha. "Hiyo mashine yenu imepona?"

"Wiki hii, Sista."

"Sikiliza. Nina mama hapa na kichanga chake. Kipimo cha mtoto kilishaletwa huko, nimeambiwa jibu lipo maabara. Jibu likiwa ndiyo, mtoto anaanza dawa siku hiyohiyo. Mama amengoja hapa siku nyingi, analala kwenye benchi. Anasema Ijumaa alasiri anapanda mlima kurudi kwake, ana watoto wengine watatu aliowaacha na bibi mgonjwa. Akishapanda, mie simpati tena."

"Si ungemwambia asubiri boti ya Jumamosi?"

"Nimemwambia kwa Kiswahili, nimemwambia kwa Kiha. Wewe una watoto, ungesubiri?"

Nilimwahidi jibu litafika kabla ya Ijumaa alasiri. Nilipokata simu nilitazama kalenda nikaona siku nne, nikaona ni nyingi.

Nikachomeka diski. Programu ya Mzee ikaorodhesha. Nikaagiza Kuhe isasishe vilivyopo. Ikasasisha vifurushi tisa bila neno. Nilifurahi. Kisha nikaagiza vile vifurushi vipya vya kujengea, ambavyo modemu ilivihitaji. Ikakataa. Ilisema kifurushi cha kwanza kinataka maktaba fulani ya toleo hilihili, wala si jingine, lakini iliyopo ni ya toleo la juu zaidi. Maktaba, kwa wasiojua, ni kipande cha programu kinachotumiwa na programu nyingi kwa pamoja. Nikasoma mara mbili. Kinacholalamikiwa ni kwamba kilichopo ni kipya mno. Nilikuwa nimeshaona mashine ikilalamikia uzee, upya sikuwahi kuuona. Chini kabisa ikaandika kwamba nimeshikilia vifurushi vilivyovunjika.

Nimeshikilia! Kuna amri ya kukizuia kifurushi kisisasishwe, huko ndiko kushikilia. Nikaita orodha ya vilivyoshikiliwa. Ilikuwa tupu. Nikauliza tena, tupu. Niliona nimesingiziwa wizi mbele za watu, na sina wa kumshitakia.

Jumanne nilifanya kosa langu kubwa, nalisema wazi ili msilirudie. Niliacha kusoma nikaanza kulazimisha. Kuna amri ya chini inayoweka kifurushi bila kujali kimekuja na nani. Nikaitumia. Kifurushi kikaingia nusu, kikakwama mlangoni, na tangu hapo kila amri niliyoandika, hata ya kuuliza tu, ilianza kwa kulalamika juu ya huyo aliyekwama. Nikaiambia irekebishe yenyewe. Ikakubali kwa furaha, ikanipa orodha ya itakavyoondoa: vifaa vya kujengea programu zetu, madirisha, programu ya printa, na vingine vingi vilivyojaza skrini. Printa imekosa nini? Suala lilikuwa modemu! Mpaka leo sijui printa iliingiaje kwenye ugomvi ule. Mwishoni ikauliza, ndiyo au hapana. Kidole changu kilikuwa juu ya ndiyo. Nikakumbuka viatu vilivyobana vya siku ya kwanza, nikabonyeza hapana.

Mtaniuliza kwa nini sikumwita Hamisi. Alikuwa anapanda na kushuka minara, kurekebisha vilivyopigwa na radi, na akipita mlangoni ananiuliza, "Umeiona?" Namjibu, "Bado, kazi imenibana." Ukweli ni kwamba niliona aibu. Mimi ndiye niliyekuwa mkuu sasa. Mficha uchi hazai, nami nilificha kuanzia Jumatatu hadi Jumatano.

Jumatano mchana nikampigia Mzee Bukuru Kalinzi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza habari za nyumbani moja moja mpaka akazimaliza, nami nimekaa roho juu. Nikamweleza. Nilimsikia akifungua kitu, nikahisi ni lile daftari.

"Unaiuliza mashine inataka nini," alisema. "Hiyo itakwambia inataka amani tu, iwafukuze wote. Muulize kila mgeni ametoka kwa nani. Ipo amri ya hivyo, nilikuandikia."

"Nimeuliza, Mzee. Wote wanasema wametoka kwenye diski."

"Wote?"

"Wote. Wa zamani na wapya. Mlango mmoja."

"Basi wamekuja kwenye gari moja lakini si wa ukoo mmoja," alisema. "Zaidi ya hapo sijui, mwanangu. Mimi sasa ni mtu wa buni."

Nilivunjika moyo. Nilikuwa nimemchukulia kama mtu asiyeishiwa na jibu. Nimeandika kwenye daftari langu, siku hiyo ya Jumatano, maneno mawili tu, "Sielewi kitu," na wino umekolea kwa jinsi nilivyoikandamiza kalamu.

Alhamisi asubuhi Sista Konsolata alinitumia ujumbe. Mama ameanza kufunga mizigo yake. Nilikaa mbele ya Kuhe mpaka saa tano, kisha kichwa kikagoma. Nikasema moyoni, basi, hata dakika kumi, nitazame hiyo filamu ya Hamisi nipumue. Nikafungua diski kwa macho yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza wiki ile, maana kabla ya hapo nilikuwa nimeiachia programu ya Mzee iisome.

Filamu haikuwepo. Nikatafuta folda moja baada ya nyingine. Hakuna hata wimbo. Kwenye folda ya vifurushi, chini kabisa, kulikuwa na folda ndogo ambayo sijawahi kuiona. Jina lake lilikuwa "kwa dada Adela".

Ndani yake vifurushi tisa. Tarehe zao ni za siku moja kabla treni haijaondoka Dar es Salaam. Nikaangalia matoleo. Vilikuwa vya Linux inayofuata, ile ambayo sisi hatujaifikia. Hamisi alikuwa amekaa na yule rafiki wa chuoni, akaona vitu vipya kabisa, akafikiri dada yake anastahili vipya. Akachagua tisa vilivyosemwa ni muhimu, akanitilia. Na programu ya Mzee Bukuru, inayopita kila folda, ilivikuta ikaviorodhesha pamoja na wenyeji. Mashine, ikiona toleo jipya na la zamani, siku zote huchukua jipya. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawa tisa walikuja, mwenyeji akalazwa.

Nilisimama. Nilitaka kumwendea Hamisi huko mnarani na kumfokea akiwa juu palepale. Nilifika hadi mlangoni. Hapo ndipo lile neno nililomwambia stesheni liliponirudia, na sauti yangu, na jinsi nilivyocheka nikilisema wakati treni inaanza kusogea.

"Usirudi mikono mitupu, Hamisi!"

Nilirudi nikaketi. Nilikuwa nimekasirika bado, ila sikuwa na wa kumkasirikia, na hiyo ndiyo hasira mbaya kuliko zote.

Ijumaa niliwahi ofisini, kwa kuwa Alhamisi hiyo umeme ulikatika saa sita na haukurudi. Niliitoa folda ile kwenye orodha. Hapo kazi ikawa wazi, ingawa ndefu: kila kifurushi kati ya vile tisa nikitaje kwa jina, na toleo la zamani kamili, vyote kwenye mstari mmoja, ili vishuke kwa pamoja. Ukimshusha mmoja peke yake wanane wanamshika shati. Majina yenyewe ni marefu, matoleo ni namba na nukta na vistari, ukikosea kimoja huna kitu. Nilikuwa naandika nikikosea, naanza tena. Hamisi akapita mlangoni.

"Dada, uso wako."

"Kaa," nilimwambia. "Nisomee hizi, mimi niandike."

Akaketi. Nilimpa orodha niliyoichapa kutoka kwenye diski. Nilimtazama usoni alipoliona jina la kwanza. Hakubadilika. Alisoma taratibu, herufi kwa herufi, kwa ile sauti yake ya madrasa, akingoja niseme naam kabla ya kuendelea. Alipofika la mwisho akaweka karatasi chini.

"Tisa," alisema.

Sikuwa nimemwambia ni tisa. Lakini pia karatasi ilikuwa mkononi mwake, mtu yeyote angehesabu. Nilimtazama, akatazama dirishani.

Kwanza niliiambia Kuhe ifanye kama mchezo, inionyeshe itakachofanya bila kukifanya. Amri hiyo ipo, naomba muipende kama mnavyopenda mshahara. Ikajibu: tisa kushushwa, aliyekwama kukamilishwa, vya kuondolewa sifuri. Niliisoma ile sifuri kwa sauti. Niliinakili kwenye daftari. Kisha nikasema ndiyo, kwa mara ya kwanza wiki ile.

Wageni walitoka kimyakimya. Vifurushi vya kujengea viliingia. Majibu ilijengeka jaribio la pili. La kwanza nilisahau kitu ambacho sitakitaja. Hamisi alikimbiza programu kwa Mgebuka, akachomeka modemu, taa yake ikawaka kijani. Saa saba na dakika kumi mchana majibu yote yaliyokuwa yamerundikana yalianza kwenda. Tulisimama wote wawili mbele ya skrini, tukiyatazama kama watu wanaotazama meli ikifunga gati.

Tulingoja. Sista alipaswa kuuona ujumbe, kisha apande jiwe lake ajibu. Saa nane kasoro, hakuna. Hamisi alianza kuzungusha tasbihi yake ndani ya mfuko wa suruali, nilisikia punje zikigongana. Saa nane na robo simu yangu ikalia.

"Limefika. Ni ndiyo. Nimemkuta mtoto ameshafungwa mgongoni. Anaanza leo."

Nililia, nalisema bila haya. Hamisi akatoka nje kidogo, akarudi na andazi kwenye gazeti, akaliweka karibu na mkono wangu.

Jumatatu iliyofuata nilinunua daftari, nikalitoboa, nikalifunga kwa kamba kwenye diski ya safari. Nilichora safu nne: kifurushi, kimeletwa na nani, kimetoka wapi, kinategemea nini. Nikawaambia wote wa ofisi kwamba kuanzia leo hakiingii kitu kwenye diski bila kuandikwa. Sikumtaja mtu. Hamisi aliitikia kwa kichwa pamoja na wengine. Baada ya hapo hakututilia tena hata filamu, na nilijiuliza miaka yote iliyofuata kama alijua. Siku nyingine nilikuwa na hakika anajua. Siku nyingine niliona ni mtu tu aliyechoka kubeba filamu. Nilifanya naye kazi mpaka mwisho, tukala pamoja Iddi na Krismasi, na jambo hilo lilikaa kati yetu kama kiti ambacho hakuna anayekikalia.

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge na saa ya ukutani, nashukuru, saa inakimbia lakini nashukuru. Hamisi alinisogelea mwishoni, akanipa kitu kimefungwa kwenye gazeti. Ilikuwa diski ya safari yenyewe, na raba yake nyekundu, na daftari lake linaning'inia. Ofisi haiitumii tena, alisema, ameiombea ruhusa.

"Umeniwekea nini?" nilimuuliza.

"Fungua utaona."

Nilifungua kesho yake asubuhi nyumbani, kwenye kompyuta yangu ya mezani. Ilikuwa tupu. Nilitafuta kila folda, mpaka nikagundua kwamba folda zenyewe hazipo. Hamisi, ambaye hajawahi kupita kwa mtu bila kuacha kitu, alikuwa ameisafisha yote. Nikafungua daftari. Kwenye ukurasa wa kwanza, juu ya safu zangu, kwenye nafasi niliyoiacha kwa kichwa cha habari, kulikuwa na majina tisa kwa mwandiko mdogo, kalamu ya risasi iliyoanza kufifia. Kimeletwa na nani: Hamisi. Yalikuwa yameandikwa miaka mingi iliyopita. Sikuwahi kuufungua tena ukurasa wa kwanza tangu nilipouchora; waliojaza safu ni wasafiri, mimi nilisoma kurasa za mwisho tu.

Nilimpigia simu.

"Hamisi, diski haina kitu."

"Najua."

"Na daftari nimeliona."

Nikasikia watu wa soko la Ujiji nyuma yake.

"Tulia, dada," alisema. "Safari hii unasafiri wewe. Usirudi mikono mitupu."

Kwa hiyo haya mliyoyasoma ndiyo faili pekee lililomo kwenye diski. Nitaileta ofisini Jumatatu mwenyewe, na nimeshazijaza safu, kwa sheria niliyoiweka. Kimeletwa na nani: Adela. Kimetoka wapi: mezani kwangu, Mwandiga. Kinategemea nini: Hamisi.